WAANDIKAO NAMBARI ZA MAGARIMOSHI

Msafiri ashukaye katika stesheni kubwa za Uingereza, kama vile Crewe, York au Doncaster, akitazama mwisho kabisa wa jukwaa, mahali ambapo abiria hana haja ya kufika, huenda akawaona watu watatu au wanne wamesimama kimya. Wana mkoba wenye mkate na chupa ya chai. Mvua ikinyesha hawaondoki. Treni ikiingia hawapandi, na ikiondoka hawampungii mtu mkono. Hukitazama kichwa cha treni, huiandika nambari yake katika kijitabu, kisha huingojea treni nyingine. Jioni hurudi makwao, nao hawakununua kitu, hawakuuza kitu, wala hawakumlaki mgeni.

Wasomaji wasidhani kwamba Waingereza wenyewe huliona jambo hili kuwa la kawaida. Hapana. Wenzao huwacheka sana. Koti lao la kuzuia mvua, liitwalo anoraki, limekuwa neno la dhihaka katika lugha ya Kiingereza, hata mtu yeyote ashikaye jambo dogo na kulijua mno huitwa hivyo, ingawa hajapata kusimama stesheni maishani mwake. Wake zao hulalamika, na watoto wao huona haya. Hata hivyo hawaachi, na wako walioianza kazi hii wakiwa na miaka minane ambao leo ni wazee wa themanini.

Uraibu huu ulipata nguvu zake wakati wa vita kuu vya pili. Katika ofisi za reli ya kusini mwa Uingereza kulikuwa na karani kijana aitwaye Ian Allan, aliyezaliwa mwaka 1922, ambaye alikuwa amepoteza mguu mmoja. Kila siku zilimfikia barua za watu waliotaka kujua habari za vichwa vya treni: hiki nambari yake ni ipi, kile kiliundwa wapi, kingine kina jina gani. Akachoka kujibu maswali yale yale. Akawashauri wakubwa wake watoe kijitabu chenye orodha ya vichwa vyote, nao wakakataa. Basi mwaka 1942 akakichapa mwenyewe, akakiuza kwa shilingi moja, na nakala zote zikaisha upesi. Akaongeza vijitabu vya reli nyingine, na mwishowe karani yule akawa mwenye kampuni kubwa ya vitabu. Alifariki mwaka 2015.

Ubora wa kijitabu kile ulikuwa katika wepesi wake. Kila kichwa cha treni kilikuwa na nambari yake, na mtoto alipokiona kwa macho yake aliipigia mstari. Hapo ndipo uraibu ulipomkamata, kwa maana orodha yenye mwisho humsumbua mwanadamu kuliko ile isiyo na mwisho. Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka 1948 zilikuwa na vichwa vya moshi karibu 20,000. Mtoto aliyekwisha kuona elfu tatu alijua hasa ni vingapi vilivyombakia, na kwamba viko mahali fulani katika nchi ile ile, vikitembea usiku na mchana, naye amelala.

SHERIA ISIYO NA ASKARI

Mchezo huu una sheria moja tu iliyo kubwa: nambari usiyoiona kwa macho yako mwenyewe usiipigie mstari. Hakuna mwamuzi. Hakuna zawadi. Mtu akitaka kudanganya aweza kukaa nyumbani na kalamu yake akaimaliza orodha yote kabla ya chakula cha jioni, wala hakuna atakayejua. Nafikiri hili ndilo wasilolielewa watu wa nje, nao huuliza, "Kama hakuna apataye kitu, kwa nini asidanganye?" Wenyewe wakisikia swali hilo hushangaa, kama vile mtu aliyeulizwa kwa nini haibi sadaka.

Lakini si kweli kwamba hawakumsumbua mtu. Mwaka 1944 vijana kadhaa walikamatwa huko Tamworth, njia mbili za reli zinapopishana moja juu ya nyingine, kwa kosa la kuingia katika ardhi ya reli. Ikawa ni kelele. Ian Allan akaunda chama, na kila mwanachama akatakiwa aahidi kwamba hatavuka mipaka wala kuzuia kazi za reli. Ahadi hiyo haikumzuia kila mtu, wala haimzuii hata leo. Tarehe 25 Februari 2016 kichwa mashuhuri kiitwacho Flying Scotsman, kilichoundwa mwaka 1923, kilitolewa tena baada ya matengenezo ya miaka mingi, kikavuta treni kutoka London mpaka York. Watu waliokuja kukitazama walikuwa wengi hata wengine wakaingia relini, na ikabidi treni isimame njiani kwa kuwaogopea. Abiria wa treni nyingine waliochelewa kazini siku hiyo wana haki ya kununa, nami siwatetei wenye makosa.

Hata vijana wa siku hizi wamo. Mwaka 2021 kijana mmoja Mwingereza ajulikanaye kwa jina la Francis Bourgeois alipata umaarufu mkubwa kwa picha zake za sinema zilizotazamwa katika simu. Huivaa kamera kichwani ikiuelekea uso wake, na treni ipitapo huonekana akicheka kwa furaha kama mtoto. Wengi walianza kumtazama ili wamcheke. Baadaye wakaendelea kumtazama kwa sababu nyingine.

SISI JE, TUNACHEKA NINI?

Kabla hatujacheka mno, na tujiangalie. Yuko mfugaji gani wa Kimasai au wa Kiborana asiyeweza kumtambua ng'ombe wake kati ya mia mbili kwa rangi na pembe, na kukutajia mama yake na bibi yake? Mgeni kutoka mjini ataona kundi la ng'ombe tu. Na huko Lamu na Mombasa wako wazee wakaao mbele ya ubao wa bao tangu alasiri mpaka giza, na mpita njia asiyejua kitu ataona watu wanahamisha kete kutoka shimo moja hata jingine. Nairobi nako wako vijana wasimamao kando ya barabara kuzipiga picha matatu zilizopambwa, ziitwazo nganya, na kila moja waijua jina lake, njia yake na karakana ilikopambwa. Mzazi huona mtoto anapoteza wakati.

Isitoshe, reli yetu wenyewe iliwahi kuwa Makka ya watu hawa, kama nikiruhusiwa kusema hivyo. Reli ile ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na pwani ya ziwa mwaka 1901. Upana wake ni mita moja tu, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya futi 5,000 kabla ya kuingia Nairobi, ikipinda mara nyingi. Kichwa kikubwa cha kawaida hakiwezi kupinda hivyo, na kidogo hakiwezi kuvuta mzigo mzito. Dawa yake ilikuwa ni aina iitwayo Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeibuni mwaka 1907. Hebu mfikirie ng'ombe wawili waliopeana migongo na kubeba pipa kati yao. Tangi la mvuke liko katikati, limening'inia juu ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila mtambo hupinda peke yake.

Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilituletea Garratt kubwa kuliko zote zilizopata kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Ziliitwa daraja la 59. Zilikuwa 34, nambari 5901 mpaka 5934, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, ya kwanza ikiwa Mount Kenya. Uzito wake ni tani 252, urefu wake hupita futi 100, na magurudumu yake ni 28. Zilichoma mafuta mazito, wala si makaa, nazo zilivuta mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda bara. Madereva wengine walizisugua shaba zake hata ukaweza kujitazama.

Uingereza ilivimaliza vichwa vyake vya moshi tarehe 11 Agosti 1968, na vingi vilikatwa vikiwa bado vipya. Wapenzi wa huko wakabaki kama wafiwa. Ndipo wengine wao wakaanza kusafiri kwa gharama kubwa kwenda popote moshi ulipobaki, na baadhi yao wakaja Kenya. Hawakwenda kuwatazama simba wa Tsavo. Walikaa stesheni, na treni ikiwapitisha katikati ya mbuga walitazama upande wa kichwa.

MGENI WA VOI

Mimi nilimwona mmoja wao mwaka 1976, nikiwa mtoto wa miaka kumi. Baba yangu alikuwa dereva wa Garratt, na nyumba yetu ilikuwa karibu na reli, huko Voi. Mzungu yule alifika alfajiri, akaketi juu ya sanduku lake kando ya tangi la maji, akaanza kuandika. Kufika saa nne askari wa reli alikwisha kumtilia shaka.

"Bwana, unaandika nini?"

"Namba," akajibu mgeni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Namba za nini?"

"Za treni."

"Za kazi gani?"

Hapo mgeni hakuwa na jibu, nami sidhani kwamba hata kwa Kiingereza angekuwa nalo. Askari akakitwaa kile kijitabu. Wakati huo baba alikuwa akitoka kazini, akaitwa atazame, kwa kuwa alijua kusoma Kiingereza. Akakifungua, akakipitia ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na habari za madaraja, wala za askari, wala za mizigo. Palikuwa na nambari, saa na mahali, tangu safari yake ya kwanza nchini miaka mitatu nyuma. Baba akasimama kwenye ukurasa mmoja, akacheka.

"Askari, mwachie mtu huyu. Hapa ameniandika mimi. Siku hii nilikuwa na gari hili, na saa aliyoandika ni ile ile niliyopita Mtito Andei. Nilichelewa dakika ishirini, naye ameandika."

Yule mgeni alipofahamu kwamba anasema na dereva, akasahau askari na hatari yake. Akakionyesha kidole kwenye orodha yake, penye nambari moja isiyokuwa na mstari, akauliza gari lile liko wapi, maana ameligojea siku tisa. Baba akaitazama nambari ile, akanyamaza kidogo.

"Hilo limekwisha kufa, Bwana. Limekatwa vyuma."

Mzungu yule akaivua kofia yake. Sikuelewa wakati ule, na askari akaangua kicheko, lakini baba hakucheka tena. Akamkaribisha nyumbani kunywa chai.

Alipoondoka alinipa penseli na kijitabu kitupu, na tangu siku ile nikawa mmoja wao. Mama alisikitika. Nilitumwa maji nikarudi na ndoo tupu na nambari mbili. Mwenzangu alikuwa mtoto wa karani wa mizigo, naye alikuwa na kijitabu chake, na kila Jumamosi tulilinganisha. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika ya Mashariki likavunjika, kila nchi ikashika njia yake. Vichwa vya moshi vikazidi kupungua, na vya dizeli vikazidi kuja. Kufika mwaka 1980 Garratt zote za daraja lile zilikuwa zimeondolewa kazini. Karibu zote zilikatwa. Mbili zimesalia Nairobi, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai na nambari 5930 iitwayo Mount Shengena.

Huko Uingereza mambo yalikwenda vingine, na sababu yake ni watu hawa wanaochekwa. Huko Barry, kusini mwa Wales, palikuwa na mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu, Dai Woodham, aliyenunua vichwa vya moshi kwa mamia ili avikate. Ikawa mabehewa ya mizigo ni rahisi zaidi kukata, basi akaanza na hayo, na vichwa vikangoja, vikila kutu kwa hewa ya bahari. Kumbe wapenzi wa reli walikuwa wakija kila juma kuvihesabu. Wakaanza kuchanga fedha kidogo kidogo, makarani, walimu, mafundi, wakinunua kichwa kimoja, kisha kingine. Katika 297 vilivyofikishwa kwake 213 viliokolewa, na vingi vinatembea leo katika njia ndogo zinazoendeshwa na watu wasiolipwa.

Wako waliopita hapo. Daraja moja la vichwa vya kasi, liitwalo A1, lilikuwa na 49, nambari 60114 mpaka 60162, na kufika mwaka 1966 vyote vilikatwa bila kubaki hata kimoja. Mwaka 1990 watu wakaunda chama ili wajenge kipya tangu mwanzo. Iliwachukua miaka 18. Mwaka 2008 kikatembea kwa moto wake, jina lake Tornado, na nambari waliyokipa ni 60163. Asiyekuwa mwenzao hataona ajabu ya nambari hiyo. Mwenzao akiisoma tu machozi humlengalenga, kwa kuwa orodha iliyofungwa kwa huzuni imefunguliwa ikaongezwa mstari mmoja.

MSTARI WANGU

Sasa naja kwenye jambo ambalo sikutaka kuliandika. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yalipo hata behewa ambamo simba alimtwaa Bwana Ryall usiku huko Kima mwaka 1900. Nilikichukua kijitabu changu cha utoto. Chini ya kivuli cha Mount Gelai niliwakuta wazee wawili waliostaafu kazi ya reli, wakibishana. Mmoja alisema kwamba alipokuwa msaidizi wa dereva, gari alilolifanyia kazi lilikuwa bado likipanda kutoka Mombasa mwaka 1978. Mwenziwe alisema sivyo, lilikuwa limekwisha kuondolewa.

"Shikamoo, wazee wangu," nikasema. "Labda mimi naweza kuwasaidia."

Wakaniambia nambari. Nikakifungua kijitabu, nikaiona: Voi, 1978, saa tatu asubuhi, mwandiko wangu wa penseli. Yule mzee wa kwanza akakishika kwa mikono miwili, akaukaribisha ukurasa machoni.

"Naam! Huyu mtoto aliniona. Mwanangu, wajukuu wangu huniona mwongo. Nipigie picha ukurasa huu niende nao nyumbani."

Nami mikono yangu ikalegea, kwa sababu katika kijitabu kizima mstari ule ndio pekee niliouandika kwa uongo. Mwenzangu, yule mtoto wa karani, alikuwa na vichwa kumi na tisa, mimi kumi na nane. Jumamosi ilikuwa karibu. Nilichagua nambari ambayo hakuna angeniuliza, nikaandika na saa, ili ifanane na kweli. Huenda gari lile lilipita Voi siku ile. Huenda mzee yule alikuwa ndani yake. Mimi sikuliona.

Nikamwambia. Nilidhani atakasirika, lakini alikaa kimya muda mrefu, akifungua kurasa nyingine taratibu, moja baada ya moja, mpaka akafika kwenye zile za baba yangu.

"Na hizi nyingine?" akauliza.

"Hizi ni za kweli, Baba."

"Nitajuaje?"

Sikuweza kumjibu. Nikakipokea kijitabu, nikatoa kalamu ya wino, na kando ya mstari ule, mbele yake, nikaandika: Halikuonekana. Akausoma, akanirudishia kalamu yangu, akamgeukia mwenziwe wakaendelea kubishana.